Wa Mbele Hapitwi

Bagamoyo, 3 Juni

Bi Taghreed, shikamoo.

Nakuomba, kabla hujafika mstari wa tatu, uangalie nani amekaa karibu nawe. Akiwepo mtu, hata mtoto anayejua kusoma kidogo, kunja karatasi hii uiweke mpaka uwe peke yako. Ukimaliza ichome. Usimwambie mumeo. Usimpigie baba yako simu kumuuliza, hilo hasa. Neno moja kati ya haya likirudi Bagamoyo, litarudi likiwa na jina langu, maana hakuna mwingine ambaye angeweza kulisema.

Mimi ni Najim, mtoto wa Bi Ashatu wa Dunda, karani katika duka la vifaa vya ujenzi la baba yako, Mzee Muhanna. Tulionana kwenye harusi ya ndugu yako Muataz. Ulinipa sahani nikushikie, ukanisahau nayo.

Naandika barua kwa sababu simu ninayotumia ni ya dukani, hulala mezani na kila anayepita huijibu. Isitoshe, miezi michache iliyopita nilituma kwenye kundi la chama maneno niliyokusudia kumwandikia mama, kuhusu tumbo langu, na wazee wote wakanijibu kwa dawa. Tangu hapo siiamini simu. Barua hii nimempa Wahida, anayeleta nazi kutoka kwenu Pangani. Hajui kilichomo.

Chama cha baba yako unakijua. Mjini wanakiita Timu Magoti, lakini jina lake ni Chama cha Wazee Watembea Milima. Walikianzisha baada ya daktari kumwambia mmoja wao kuwa sukari haishuki kwa kukaa barazani. Bagamoyo haina mlima, kwa hiyo kila Jumamosi hutembea hadi Kaole na kurudi, na mara moja kwa mwaka hukodi gari wakaenda kwenye milima ya kweli. Mwaka huu ni Lushoto, mwanzo wa Julai. Mimi si mzee na sipendi milima. Nikipanda ngazi za stoo napata kizunguzungu. Lakini baba yako alisema chama kinahitaji katibu mwenye mwandiko mzuri, na karani haulizwi.

Wana kanuni moja kuu: wa mbele hapitwi. Anayetangulia ni mkubwa wao kwa umri, naye ni Mzee Muhanna. Wanamwita Kiongozi wa Njia. Wakisimama, yeye ndiye wa kwanza kukaa. Wakiondoka, yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Kumpita ni utovu wa adabu, sawa na kutia mkono kwenye sinia kabla ya mkubwa.

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe, unisamehe. Baba yako haoni.

Sisemi haoni kabisa. Nadhani anaona kitu kilicho mbele yake moja kwa moja, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Pembeni haoni, na chini miguuni haoni. Dukani alitia sahihi hati niliyompa kichwa chini kwa bahati mbaya, akanirudishia akisema, "Vizuri." Na Jumamosi moja mwezi uliopita, pale Kaole, kulikuwa na koti la mvua limetundikwa kwenye nguzo. Alilinyooshea mkono, akalitolea salamu, akalijulia hali, akangoja lijibu. Wengine walikuwa bado kwenye kona. Mimi nilikuwa nyuma yake. Akageuka akanishika mkono.

"Umeona?"

"Nimeona, Mzee."

"Hukuona."

"Sikuona, Mzee."

"Barakallah."

Tangu siku hiyo ananiweka nyuma yake kabisa, nami namnong'oneza: jiwe, kulia, inua mguu. Watu wanadhani amenipa heshima.

Hapa kwetu hakuna tabu, kila shimo analijua kwa nyayo. Lakini Lushoto hajawahi kufika. Nilimpigia mwenyeji atakayetutembeza, akaniambia kuna mahali njia ina upana wa mtu mmoja, na upande wa pili hakuna kitu. Nikamuuliza, hakuna kitu gani? Akacheka. "Hakuna kitu, kaka. Hewa."

Mimi siwezi kumwambia mtu hapa, kwa kuwa nimekwisha sema sikuona. Wewe ni mwanawe. Tafadhali mwite Pangani mwanzo wa Julai, kwa sababu yoyote. Sema unaumwa. Astaghfirullah, usiumwe. Sema lolote.

Mtumishi wako,
Najim


Pangani, 10 Juni

Najim,

Marahaba. Barua nimeichoma kama ulivyotaka, na mama mkwe ameuliza nachoma nini mchana kweupe. Nimemwambia maganda ya vitunguu. Umeona ulivyonianzishia uongo.

Wewe ni kijana uliyesoma, lakini hofu yako ni kubwa kuliko wewe. Baba yangu ndiye aliyekuwa akiuona mwezi wa Ramadhani kabla ya mji mzima. Watu walikuwa wakimfuata yeye ufukweni wala hawaangalii juu, wanamwangalia yeye. Sikukuu iliyopita alikuja hapa, akanijua nikiwa bado uani.

Ni kweli kwamba nilikuwa nimekwisha kumwita kwa sauti kabla hajanijua. Na ni kweli pia kwamba alilisifu gauni langu kwa weupe wake, nami nilivaa la kijani. Nikadhani ananitania, nikacheka, na watoto wakacheka. Yeye naye alicheka, ila alichelewa kidogo.

Sasa umenifanya niikumbuke ile siku vibaya.

Lakini mimi siwezi kumwita. Mwaka juzi nilimwambia aache kuendesha gari, na hakusema nami mpaka mfungo ukaingia. Mtoto hamwambii mzazi wake "huoni". Hata ningeweza, ningeanzaje? Nenda kwa Bi Mwanamvua wa humo chamani. Walikua mlango kwa mlango, na hakuna ambalo hajapata kumwambia. Alimsema hata kuhusu yule mke wa pili, na ndiye peke yake aliyesikilizwa. Hilo likitoka kwake halitakuwa aibu.

Na usijiite tena mtumishi wangu. Mimi ni dada yako.

Taghreed


Bagamoyo, 14 Juni

Mwanangu Najim,

Jana umekuja barazani kwangu, ukanywa kahawa, ukaniuliza magoti yangu yanaendeleaje, ukaniuliza tena, ukaondoka. Nakwenda kuosha kikombe nakuta karatasi chini yake. Mtoto wa kiume wewe! Haya, nami nakujibu kwa karatasi, maana nikikuita utamwaga kahawa.

Ulidhani ni wewe peke yako mwenye macho? Mimi nimejua tangu Maulidi. Unadhani kwa nini naimba kasida njia nzima? Sina sauti, sijawahi kuwa nayo, marehemu mume wangu alikuwa akitoka nje nikianza. Naimba njia ikiwa tambarare. Pakiwa na shimo au jiwe nanyamaza, na Muhanna akisikia kimya anapunguza mwendo. Hatujawahi kupatana juu ya hilo. Limekuja tu, kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja.

Na Khamis, unamwona anavyogonga fimbo kwenye kila jiwe, anajidai ana mguu mbovu? Mguu wake mzima kama wa punda. Naye anajua. Ila hajui kama mimi najua, na sitamwambia, kwa sababu tukishaambizana tutakuwa tumemsengenya rafiki yetu. Hivi sasa kila mmoja anamsitiri kwa upande wake, na hakuna aliyemsema.

Unataka nimwambie Muhanna akae nyuma. Nimwambieje? Mtu havuliwi nguo njiani, mwanangu. Mimi nitaimba, Khamis atagonga, nawe utanong'oneza, na Mungu atatufikisha.

Khamis asijue kama nimekwambia. Karatasi hii choma.

Bibi yako,
Mwanamvua


Bagamoyo, 23 Juni

Dada Taghreed, shikamoo.

Nimechoka. Sijui kama ni adabu kuanza barua hivyo, lakini sikupata mwanzo mwingine.

Nilikwenda kwa Bi Mwanamvua kama ulivyoniagiza. Anajua. Mzee Khamis naye anajua. Nimeanza kushuku kwamba chama kizima kinajua, kila mmoja kwa siri yake, na kila mmoja ana kelele yake anayompigia baba yako njiani. Kuna mzee mmoja ambaye nilikuwa nikidhani ana kikohozi kisichopona. Jumamosi nilimchunguza. Anakohoa penye mizizi tu.

Nikaona, kama hakuna atakayesema, basi nitafute njia ambayo haisemi. Jana tulikuwa na mkutano wa safari, kwenye ghorofa ya duka. Nikasimama, nikasema kwamba katika vyama vingine vya watembea milima anayetangulia hubadilishwa kwa zamu, ili kila mtu apate mazoezi ya kuongoza. Nilikuwa nimejizoeza maneno hayo usiku na asubuhi. Sikumtaja mtu.

Mzee Khamis akasema, "Zamu ni za kuteka maji, kijana."

Bi Mwanamvua akasema, "Muhanna ale vumbi la Khamis? Labda Khamis aoge kwanza."

"Nani hajaoga?"

"Mimi sijakutaja kwa ubaya, nimekutaja kwa harufu."

Wakacheka, wakapiga makofi, na hoja yangu ikafa katikati ya vicheko. Mzee Muhanna peke yake hakucheka. Aliinua mkono wakanyamaza. Akauliza, "Kwani hakuna hata mmoja anayetaka kutangulia?" Akauliza mara ya pili, polepole. "Hata Lushoto?"

Mzee Khamis akasema, "Wewe ukiwepo, nani atathubutu?" Na mikono yote ikainuliwa juu kumthibitisha. Hata wangu, dada. Waliniangalia, nikauinua.

"Basi," akasema baba yako, akatabasamu kuelekea dirishani, ambako hapakuwa na mtu. Nadhani heshima ile ilimfurahisha.

Nimempigia tena mwenyeji wa Lushoto. Anasema pale ukingoni kuna upepo usiokoma. Nimejaribu kufikiri kasida, fimbo, kikohozi na mnong'ono vitasikikaje ndani ya upepo. Nimefikiri mpaka siwezi kula.

Zimebaki siku chache. Mpigie. Najua nilikwambia usimpigie. Sasa mpigie.

Ndugu yako,
Najim


Pangani, 28 Juni

Najim,

Nimempigia.

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Alipopokea nikasema, "Baba, Lushoto usiende."

"Kwa nini, mwanangu?"

Akanisubiri. Nikasema, "Kuna baridi."

"Baridi tu?"

"Baridi tu, baba."

Akasema atavaa sweta, na kwamba ataniletea mapeasi.

Nimelia jikoni, na mama mkwe akauliza, nikamwambia ni vitunguu tena. Sina zaidi la kukwambia. Utakuwa nyuma yake. Mshike hata shati.

Taghreed


CHAMA CHA WAZEE WATEMBEA MILIMA
Bagamoyo, 12 Julai

Kwa Ndugu Najim,

Assalaam alaykum.

KUH: MWENENDO WAKO NJIANI

Kamati imekaa na kukujadili. Tunakukumbusha kuwa tarehe 6 mwezi huu, Lushoto, chama kikiwa njiani, wewe ukiwa katibu wake, ulimpita Kiongozi wa Njia kwa upande wa nje bila kuomba njia. Ulimgusa bega. Ulisimama mbele yake ukamziba kwa mwili wako na mikono yako miwili. Alipouliza, "Nani huyo?" ulimjibu kwa sauti ya juu, mbele ya mwenyeji wetu na wageni wengine waliokuwa wakipumzika, "Ni mimi, na hupiti." Alipokuambia uondoke, ulikaa chini, ukashika miguu yake, ukalia.

Katika umri wetu wote hatujapata kuona kijana wa Bagamoyo akifanya hivyo.

Kamati haikuona haja ya kuingia katika hali ya njia mahali pale, wala upepo, wala jambo lingine lolote. Wajumbe wote walikubaliana kwamba hakuna jambo lingine lolote.

Kwa sababu hiyo umeondolewa ukatibu na uanachama. Kuhusu kazi yako ya dukani, Mzee Muhanna aliulizwa, na hakusema neno. Tumechukua kunyamaza kwake kuwa ndiyo.

Aidha, Mzee Muhanna ametangaza kwamba kwa kuchukizwa na kitendo chako hatatangulia tena, kwa kuwa hawezi kuongoza mahali ambapo adabu imekufa. Atatembea katikati. Kuanzia sasa natangulia mimi.

Rudisha muhuri wa chama. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu kwa kuwa hatuna katibu.

Khamis
Makamu Mwenyekiti

Tanbihi: Mguu wangu umepona, sihitaji tena fimbo. Nimeiacha kwa mama yako, ikufae. Usiniulize kwa nini.


Bagamoyo, 27 Julai

Mwanangu Najim,

Nimeandika mwenyewe. Nimeweka rula chini ya kila mstari nikaisogeza kwa kidole, lakini rula nayo inateleza. Mistari ikipandana, isome hivyo hivyo. Usimpe mtu akusomee.

Nimekwenda kwa mama yako kukuulizia. Amenipa kiti, amenipa maji, na nilipouliza uko wapi akasema, "Yuko kule alikofukuziwa." Sikumlaumu. Nimemwomba akufikishie hii.

Nataka nikwambie pale mahali nilipasikiaje. Mwanamvua alikuwa akiimba, kisha upepo ukamchukua, nisijue kama amenyamaza au amebebwa. Fimbo ya Khamis sikuisikia. Wewe nilikuwa nikikusikia kama mtu aliye chumba cha pili. Nikasimama. Lakini nyuma yangu watu walikuwa wamesimama pia, wakinisubiri kwa adabu yao, na wa mbele hawezi kusimama tu bila sababu. Nikainua mguu. Hapo ukanipita. Viatu vyako vilikwaruza changarawe upande wangu wa kulia, na kokoto zikaanguka, nami nikasikiliza zifike chini. Sikuzisikia zikifika. Hapo ndipo nilipojua tulikuwa wapi, na wewe ulipita upande gani.

Wewe ambaye hata ngazi za stoo huzipandi.

Sasa sikiliza. Unadhani nilikuwa sijui kama mnajua? Mwanamvua nimemjua tangu utoto, alikuwa anafukuzwa kwenye kasida. Khamis hana mguu mbovu. Yule mwenye kikohozi nilimpelekea asali, akashtuka. Nilijua, nikasubiri mmoja wenu anipite. Kwenye ule mkutano niliuliza mara mbili, nikisema moyoni, nyinyi, mmoja aseme "mimi", nimpe kwa mkono wangu. Mkainua mikono yote kunithibitisha. Niliusikia mkono wako pia, shati lako lina wanga mwingi.

Nikangoja simu ya binti yangu. Akasema baridi.

Utaniuliza kwa nini sikukaa mwenyewe. Mkubwa akikaa mwenyewe huulizwa ana nini. Ningesemaje? Nimekuwa macho ya watu wa mji huu kwa mwezi na kwa njia. Nyinyi mlikuwa mkinisitiri, nami nilikuwa nikizisitiri sitara zenu, na wote tulikuwa tunakwenda kuanguka kwa adabu.

Walipokusema kwenye kamati, nilinyamaza. Hilo halina utetezi. Kama ningesema, "Mwacheni, ameniokoa," wangeuliza, amekuokoa na nini? Na mpaka leo nikikurudisha dukani swali ni lile lile. Wameniachia njia nzuri ya kutoka, ya mzee aliyekasirishwa, na wameijenga juu ya mgongo wako. Nami nimeitembea.

Lakini Taghreed nimemwambia. Alikuja juzi. Nikasema, "Mwanangu, sioni." Akasema, "Najua, baba." Nikasema, "Najua kama unajua." Tukacheka mpaka jirani akabisha hodi. Jumatatu ananipeleka Dar kwa daktari wa macho. Wa hospitali ya hapa wanasema ni presha ya macho, na kilichokwenda hakirudi. Huenda kilichobaki kikazuiwa kisiende nacho.

Nataka nikuone. Neno hilo silitumii ovyo siku hizi. Niambie uko wapi.

Muhanna


Fukayosi, 9 Agosti

Dada Taghreed, shikamoo. Tafadhali funga mlango kabla ya kumsomea Mzee. Haya yanayofuata ni yake. Msomee yote, hata pale utakapotaka kupunguza.

Mzee Muhanna, shikamoo.

Barua yako imenifikia. Nimeisoma nikiwa ghalani nyuma ya magunia, na mistari iliyopandana nimeisoma mara nyingi mpaka ikaachana.

Nimekasirika, Mzee. Sijui mtu anamkasirikiaje mkubwa wake kwa barua, sijafundishwa, kwa hiyo naandika tu kwamba nimekasirika. Nimekasirika kwa mama, ambaye hata sasa akienda sokoni anaambiwa, "Mwanao yule," kisha watu wanatikisa kichwa, wakiwemo watu waliokuwa wakikohoa penye mizizi. Nimekasirika kwamba nilikosa usingizi mwezi mzima nikitafuta mtu mmoja wa kusema neno moja, na wewe ulikuwa ukilisubiri neno lile lile. Nimekasirika kwa fimbo ya Mzee Khamis. Ni fimbo nzuri. Naitumia.

Pale ukingoni sikuwa jasiri. Usimwambie mtu kuwa nilikuwa jasiri. Nililia kwa sababu nilitazama chini. Na nilipita upande wa nje kwa sababu upande wa ndani ulikuwa na mwamba, hapakuwa na nafasi, wala sikupata muda wa kuchagua.

Sitarudi dukani, na sikuombi uniite. Niko kwa mjomba wangu Kibwana, naandika mizigo ya mananasi na mahindi yanayopakiwa kwenda Dar. Hapa hakuna ghorofa wala ngazi, na hakuna anayenijua kwa lolote. Nikimpita mtu njiani ananiambia, "Karibu." Bado nasimama kwanza.

Lakini ukitaka kuja, njoo. Njia ni hii, na nimeitembea leo nikiwa nimefumba macho, nikimshika mjomba bega, ili nisikuandikie kitu ambacho hakitakufaa.

Panda basi la Msata. Mwambie kondakta akushushe Fukayosi penye mashine ya kusaga. Utaisikia kabla basi halijasimama, na ukishuka utainusa pumba. Iweke mashine mkono wa kushoto, utembee mpaka sauti yake iwe mgongoni. Lami itakuacha, utakanyaga changarawe, kisha mchanga mlaini unaomeza kiatu. Hapo uko sawa. Ukikanyaga majani umepotea, rudi mchangani.

Endelea mpaka upate harufu ya mananasi yaliyopitiliza kuiva. Hilo ni ghala letu, lakini mchana huwa simo, usibishe. Lipite. Baada ya ghala kuna bata. Wanampigia kelele kila mtu, na si lazima uwajulie hali.

Bata wakinyamaza, simama. Kuanzia hapo njia ni ya mtu mmoja, na kulia kuna korongo. Si kubwa, mtoto anaweza kuingia na kutoka, lakini usiende hata hatua moja. Gonga kitu, au kohoa, au kama umekuja na Bi Mwanamvua, mwambie aimbe. Hapa hakuna upepo. Nitasikia.

Nitatoka, nitakupita, nitatangulia mbele yako mpaka mlangoni. Na watu wa huku wakituona hawatasema neno, Mzee, maana ni kwangu, na mwenyeji ndiye anayemtangulia mgeni.

Najim